Fimbo au sanduku la nishani: zawadi ipi imfaayo askari mstaafu?

Kwa gharama, fimbo inashinda: mti mmoja mnyoofu, msasa na mafuta ya kitani vinatosha. Sanduku linadai mbao kadhaa, kioo, bawaba na kitambaa cha ndani.

Lakini fimbo lazima imkae. Pima kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni, akiwa amevaa viatu, na nyuzi za mti ziwe zimenyooka, la sivyo itamvunjikia njiani. Mpira wa chini huisha, ubadilishwe.

Sanduku halisumbui kulitunza, ila usitumie mwaloni: mbao zake hutoa mvuke wa asidi unaokula metali, na nishani zile amezilipia kwa miaka ya ujana wake.

Anayetembea kwa shida, mchongee fimbo yenye jina la kikosi chake. Anayezifungia nishani kwenye bahasha kabatini, mpe sanduku.