Udi hutoka kwenye mti ulioumwa: By the Sea ya Abdulrazak Gurnah

Riwaya nyingi za msiba hukutanisha watu wasiojuana kwa ajali: chombo kimezama, gari limepinduka, walionusurika wanajikuta ndugu. By the Sea (2001) haina ajali. Kinachowafunga wahusika wake wakuu, Saleh Omar na Latif Mahmud, ni deni la nyumba, na hapa Zanzibar hatuhitaji kuelezwa nyumba inavyovunja ukoo.

Ukitaka kuielewa, fuata karatasi. Hussein, mfanyabiashara wa Kiajemi kutoka Bahrain, anakuja Zanzibar na msimu wa pepo wa 1960. Anamkopesha Rajab Shaaban Mahmud, babake Latif, na kuwekewa nyumba rehani. Kisha yeye mwenyewe anakopa kwa Saleh Omar, muuza samani, na kumwachia hati ile ile. Anaondoka, harudi tena. Saleh anaidai nyumba, anaipata, familia inahama. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kibao kinamgeukia: anafungwa miaka mingi, na mkewe na bintiye wanafariki yeye yumo kifungoni.

Uzeeni Saleh anatua Gatwick kuomba hifadhi, akiwa na pasipoti yenye jina la Rajab Shaaban. Hapa ndipo ufundi ulipo. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, kwa hiyo wanaomsaidia wanatafuta mtu anayejua lugha yake, wanampata Latif, mwalimu wa chuo kikuu London. Latif anasikia jina la baba yake likitumiwa na mtu mwingine. Sadfa ipo, lakini imelipiwa mapema. Mwandishi anayeiga njia hii bila kuweka sababu kama ile ya lugha ataharibu kila kitu.

Kitu kimoja kitazamwe kwa karibu: kibweta cha udi. Ofisa wa uhamiaji anapekua begi, anakikuta, anakichukua kiwe chake, na mzee kanyamaza. Ni udi wa kamari (kwa Kiarabu ud-al-qamari, na qamar ni mwezi), aliouacha Hussein. Riwaya inaeleza kwamba jina hilo halitokani na mwezi bali na nchi ya Wakhmer, Kambodia, na kwamba mti mzima hautoi harufu. Ni ule ulioingiwa na kuvu ndio unaonukia. Kila aliyewahi kutia udi chetezoni atausoma ukurasa huo mara mbili. Gurnah hasemi kwamba msiba una faida. Anauweka udi mezani, basi.

Kasoro zipo. Nasaba na mirathi vinachanganya mno. Chora mti wa ukoo kwenye karatasi tangu mwanzo, la sivyo utapotea. Sehemu ya Latif akiwa Ujerumani Mashariki ni nzuri peke yake, ila inaupoza ugomvi uliokwisha kuchemka.

Sehemu ya tatu inafidia. Wawili hao wanakaa kwenye fleti ya mzee, mji wa pwani Uingereza, kila mmoja na hesabu yake, na hesabu hazilingani. Usiisome kwa pupa. Kuna meza ndogo ya mpingo ambayo Latif, akiwa mtoto, alitumwa kwenda kuiomba kwa Saleh, akarudi mikono mitupu. Kabla ya kuifikia sehemu hiyo, rudi uisome upya safari ile ya mtoto, kwanza kwa masimulizi ya mmoja, kisha ya mwenzake.