Kelele za jirani: mahakama ya jinai au ofisi ya sheha?

Mji Mkongwe wa Zanzibar una vichochoro vyembamba na madirisha yanayotazamana, hivyo muziki wa ukumbi mmoja huwakosesha usingizi watu wa mtaa mzima, wakiwamo wagonjwa na watoto wachanga. Kelele ikihesabiwa kuwa jinai, polisi wanaweza kuizima usiku uleule, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo, mashtaka ya jinai hudai ushahidi usioacha shaka ya maana, ilhali kelele ikishanyamaza haiachi alama. Pasipo kipimo cha desibeli, mlalamikaji anadai na mshtakiwa anakana. Na je, ni haki kijana aliyepitiliza saa katika harusi ya dada yake abaki na rekodi ya uhalifu?

Sheha, yaani kiongozi wa serikali katika mtaa huko Zanzibar, huenda polepole, lakini huwakutanisha watu watakaoendelea kuishi ukuta kwa ukuta, wakapatana saa ya kuzima spika. Njia hii haimwezi mfanyabiashara ambaye kelele ndiyo faida yake. Huyo, akishaonywa kwa maandishi na bado akakaidi, naona ashtakiwe. Ugomvi wa majirani uanzie kwa sheha.