Somo la Chumba Safi: Muhula Mmoja Lubumbashi

Nimemaliza muhula wa somo la utengenezaji wa vifaa vidogo vya elektroniki katika chuo kimoja cha hapa Lubumbashi, na kwa sehemu kubwa nimeridhika. Mwalimu alianza na vumbi, ambalo sisi wa mji wa shaba tunalifahamu kila kiangazi: chumba safi, yaani chumba chenye hewa iliyochujwa vumbi ambamo vifaa hivyo hutengenezwa, kikiwa cha daraja la 5 la ISO (shirika la kimataifa la viwango), hakiruhusu zaidi ya chembe 3,520 zenye ukubwa wa mikromita 0.5 au zaidi katika kila mita ya ujazo ya hewa. Tulifundishwa kuvaa mavazi ya chumba hicho kuanzia kichwani kwenda chini, na mwenzangu aliyeburuza mguu wa ovaroli sakafuni alirudishwa kuanza upya mara tatu.

Sababu ya chumba hicho kuwa na taa za manjano ilielezwa vizuri mno, kwamba utomvu unaopakwa juu ya silikoni ili kuchora saketi huathiriwa na mwanga wa buluu na wa urujuanimno. Kasoro kubwa ni kwamba asidi ya haidrofloriki, inayopenya ngozi na kushambulia hata mifupa, ilipewa dakika kumi tu, na jeli ya kalsiamu glukoneti, ambayo ni huduma ya kwanza ya kupaka penye jeraha la asidi hiyo, ikatajwa kwa kupita. Mashine nazo, kwa karo ile tuliyolipa, tuliziona kwenye picha.