Fimbo ya drili ya kutolea gesi kwenye mvinyo wa nyumbani: je, inafaa kununuliwa?

Kifaa ninachokitathmini ni fimbo ya chuma cha pua, ndefu kiasi cha kufika karibu na sakafu ya mtungi wa kioo wa lita 23. Ncha yake ya juu hubanwa kwenye drili ya kawaida, na ya chini ina mapezi mawili ya plastiki yanayojikunja ili yapite kwenye shingo nyembamba, kisha hufunguka fimbo inapoanza kuzunguka. Nimeitumia hapa Dodoma kwa mvinyo wa zabibu na wa rozela, na kwa ujumla nimeridhika nayo, ila si kila mtengenezaji anayeihitaji.

Wengi hudhani kwamba hamira ikinyamaza, gesi nayo imekwisha. Sivyo. Gramu 180 za glukosi zikichachuka zote hutoa takriban gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za kabonidioksaidi, na ijapokuwa sehemu kubwa ya gesi hiyo hutoka kupitia mrija wa maji, kiasi kinachobaki kimeyeyuka humo hutosha kuuchoma ulimi, kuufanya mvinyo uonekane mchachu kuliko ulivyo na, baya zaidi, kuyanyanyua mashapo kila yanapotaka kutua. Hata haidromita, kile kipimo cha sukari kinachoelea ndani ya mvinyo, hupotosha, kwa sababu vipovu vinavyong'ang'ania ubavuni mwake huiinua juu, nawe ukadhani kuna sukari iliyosalia.

Uwezo wa fimbo hii unategemea drili kuliko fimbo yenyewe. Drili isiyopunguzwa kasi haifai kabisa: mvinyo uliojaa gesi ukikorogwa kwa nguvu ghafla hupanda kama maziwa jikoni na kumwagika mezani, hasa mtungi ukiwa umejaa hadi shingoni. Inafaa kuacha nafasi, kuanza polepole sana, kusubiri povu lishuke, kisha kugeuza mwelekeo wa mzunguko. Ukiona shimo la kimbunga katikati ya mvinyo, punguza kasi mara moja, kwani hapo unaingiza hewa badala ya kuitoa gesi, na mvinyo mweupe hasa hugeuka rangi ya kahawia upesi. Kwa sababu hiyo mimi hutanguliza metabisulfiti ya potasiamu, yaani kihifadhi kinachoukinga mvinyo dhidi ya hewa, kabla ya kukoroga, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Joto nalo lina nafasi yake. Maji ya nyuzi 0 hushika karibu mara mbili ya kabonidioksaidi inayoshikwa na maji ya nyuzi 20, na mvinyo hufuata kanuni hiyohiyo. Nyuzi 22 hadi 24 zinatosha, na Dodoma tunazipata bila kupasha chochote, isipokuwa miezi ya Juni na Julai, ambapo ni heri kufanya kazi hii alasiri.

Kasoro kubwa niliyoiona ni kwenye kiungio cha mapezi, ambacho hunasa mabaki ya mvinyo na hakifunguki kwa urahisi ili kisafishwe. Bila kukiloweka kwenye maji moto mara tu baada ya kazi, utakuwa unafuga bakteria wa siki. Aidha, fimbo itumike baada ya kuhamisha mvinyo kutoka juu ya mashapo yake, la sivyo itayavuruga yote upya.

Mbadala wake ni pampu ya mkono ya kuvuta ombwe. Hiyo haivurugi wala kuingiza hewa, lakini huchosha mkono na hufaa mtungi wa kioo imara pekee, kwani dumu la plastiki hubonyea. Anayeuacha mvinyo mwekundu utulie kwa miezi mingi huku akiuhamisha mara kwa mara hana haja ya kifaa chochote, maana gesi hutoka yenyewe. Faida ya fimbo huonekana zaidi kwenye rozela, ambayo wengi wetu huinywa ingali changa.

Naipa nyota nne kati ya tano, moja nikiikata kwa ajili ya kile kiungio. Asiye na drili asinunue moja kwa ajili ya kazi hii tu. Na kabla ya kuufunga mvinyo kwenye chupa, jaza nusu ya chupa ndogo, izibe kwa kiganja, itikise, kisha uachie: gesi ikikusukuma kiganja, koroga tena kesho yake.