Uzoefu wangu na cherehani ya mtumba kutoka Japani

Cherehani hii niliinunua Unguja mjini, katika duka la mitumba lililo karibu na Darajani, nikaivusha hadi Mkoani, kisiwani Pemba, kwa boti ikiwa imefungwa ndani ya kanga mbili kuukuu, na sasa imetimiza mwaka mmoja na miezi mitatu nyumbani kwangu Chake Chake. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaoshona kwa kupenda tu, kwa sababu mafundi wana cherehani zao nyeusi za kukanyaga na hawahitaji ushauri wangu. Sisi ni wanawake saba tunaokutana kila Alhamisi baada ya Alasiri kwenye baraza ya jirani yangu, kila mmoja akija na alichokianza, alichokimaliza au alichokiharibu, na hiyo ndiyo sababu nilitaka cherehani ninayoweza kuibeba kwa mkono mmoja.

Kabla ya kutazama rangi yake na wingi wa mishono yake, mnunuzi aigeuze asome kibandiko kilicho nyuma au chini. Yangu imeandikwa volti 100, kwa kuwa huo ndio umeme wa majumbani Japani, wakati umeme wetu ni volti 230. Muuzaji alinihakikishia kwamba ni ya kuchomeka na kushona, nami kwa furaha ya kununua sikuuliza la pili. Nilipoichomeka ukumbini kwangu, taa yake ndogo iliwaka kwa mwanga mweupe wa kuumiza macho kisha ikapasuka, na pedali ikaanza kutoa harufu ya mpira unaoungua. Nilichomoa upesi. Fundi wa redio aliyeifungua siku ya pili alisema mota imesalimika kwa sababu sikuikanyaga kwa muda, akaniagiza nitafute transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo mkubwa kuliko mahitaji ya cherehani yenyewe. Mota yangu inatumia wati 70, nami nilichukua transfoma ya wati 300, ambayo haijawahi kupata moto hata tukishona jioni nzima. Kwa hiyo bei ya kweli si zile shilingi 180,000 nilizolipa dukani, bali 235,000 pamoja na transfoma, na ule mkono mmoja wa kubebea umekuwa miwili, maana transfoma nayo ina uzito wa kilo tatu.

Bobini na sindano zilinisumbua kwa wiki mbili hivi. Cherehani yangu hutumia bobini ya plastiki, na nilipoweka ya chuma iliyolingana nayo kwa macho, uzi wa chini ulikuwa unakazika na kulegea bila ya mpango. Sindano nazo, ukiuliza dukani bila ya kuonyesha mfano, unaweza kupewa za mashine za viwandani ambazo shina lake ni la duara, ilhali za nyumbani zina upande mmoja bapa, na kwa yangu upande huo hutazama nyuma. Ikigeuzwa, cherehani huruka mishono, nawe utailaumu mashine isiyokuwa na kosa. Siku hizi nikienda dukani huenda na sindano ya zamani na bobini moja ndani ya mkoba.

Niliijua cherehani hii vizuri kwa mfarishi wa viraka niliomshonea mtoto wa mdogo wangu kwa mabaki ya kanga. Kanga mpya ina dondo, huonekana nzito na iliyonyooka, lakini ikifuliwa hulegea na kunywea, basi ukikata kabla ya kufua utapata mfarishi uliojikunja pembeni baada ya safari ya kwanza ya bombani. Nilizifua zote, za nyekundu na nyeusi nikaziloweka mbalimbali mpaka maji yakatoka meupe, ndipo nikakata viraka vya mraba. Kwenye baraza kulizuka mjadala ambao sikuutarajia. Nilikuwa nimepanga kukata kanga moja kwa kufuata urefu, bila ya kujali jina lililoandikwa karibu na pindo la chini, na mama mwenye nyumba, ambaye ni mkubwa wetu kwa umri, akanishika mkono akasema, “Mwanangu, utamlalisha mtoto juu ya nusu ya maneno?” Tulicheka, lakini nilibadilisha mpango: majina yote nikayatoa kwa ukamilifu wake, nikayashona kuwa mistari mirefu ya kuzunguka mfarishi, na viraka vya katikati vikatoka kwenye mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, na kwenye pindo. Ni wazo bora kuliko langu, na lisingenijia kama ningekaa peke yangu chumbani.

Cherehani ilishona viraka vyenyewe kwa mshono ulionyooka kabisa, kwa sindano ya namba 80 na urefu wa milimita 2.5. Ugumu ulikuja nilipounganisha matabaka matatu, yaani viraka juu, blanketi jepesi kuukuu katikati na shuka chini. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini tu, cha juu kinabaki kikisukumwa na mguu unaokikandamiza, na nilipofika mwisho wa mstari wa kwanza kitambaa cha juu kilikuwa kimezidi kwa upana wa vidole viwili. Nilifumua. Mwenzetu mmoja alinifundisha kuyashikiza matabaka yote kwa bandi ndefu za mkono, kuanzia katikati kwenda nje, na kurefusha mshono hadi milimita 3.5, nami nikaongeza sindano ya namba 90. Penye makutano ya viraka vinne mota bado ilinguruma na kusimama, mpaka nilipoanza kufungua mishono kwa pasi ili kingo zilale pande mbili, na hata hivyo mara nyingine nilizungusha gurudumu kwa mkono. Kwa shifoni ya mitandio imenitosha kwa sindano ya namba 70. Kwa jinzi nimeikatia tamaa.

Kuiazimisha pia ni jambo la kulifikiria. Wawili kati yetu walizoea cherehani za kukanyaga, na kila walipoanza kushona walizungusha gurudumu upande wasioutaka, uzi ukajikusanya chini kama kiota. Nimebandika alama ndogo ya mshale kwenye gurudumu, na tangu hapo tatizo limepungua. Umeme ukikatika hatuna la kufanya nayo, ingawa Pemba imekuwa afadhali sana tangu mwaka 2010 ulipoletwa kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga. Siku hizo ndizo tunazoshukuru kwamba mwenye nyumba hajaiuza cherehani yake ya kuzungusha kwa mkono.

Asije mtu akainunua kwa tamaa ya kushona kofia za viua, yaani zile za vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kwa sindano. Ina mshono wa zigizaga na wa kutilia vifungo, nami nilijaribu kutengeneza vile vitundu kwa huo wa vifungo, lakini vilitoka vikubwa na vigumu, na mama aliyeshona kofia tangu usichana wake alivipapasa kwa kidole gumba kisha akanirudishia bila ya kusema neno. Kofia moja humchukua wiki nyingi za sindano ya mkono, na mashine yangu haiwezi kumpunguzia hata siku moja, isipokuwa kwamba sasa ananiletea foronya zake nimkunjie pindo ili apate nafasi ya kuendelea na viua vyake.

Wenzangu wawili wamenunua za aina hii baada ya kuiona yangu, wote kwa transfoma tangu siku ya kwanza. Ile taa iliyopasuka sijapata ya kuirejesha, kwa kuwa balbu zote nilizoletewa zina kitako kikubwa kuliko tundu lake, kwa hiyo kila Alhamisi tunafunika cherehani kabla ya Magharibi.