Kunywa pombe kidogo au kutokunywa kabisa: nani ana hatari ndogo ya kufa mapema?

Kwa miaka mingi tafiti zilimpa ushindi mnywaji wa kiasi. Mchoro wa vifo ulifanana na herufi J: hatari ilishuka kidogo kwa wanaokunywa kidogo, kisha ikapanda kwa kasi kwa wanaozidisha.

Kasoro ilikuwa kwenye kundi la wasiokunywa. Humo walihesabiwa pia watu walioacha pombe baada ya kuugua. Kundi lenye wagonjwa wengi namna hiyo litaonekana tu linakufa mapema, hata kama pombe haihusiki. Wanywaji wa kiasi nao mara nyingi wana kipato kizuri zaidi na hujali afya zao. Kwa maoni yangu, glasi ya mvinyo ilipewa sifa za maisha hayo.

Mwaka 2023 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti 107, zenye washiriki zaidi ya milioni 4.8. Kasoro hizo ziliporekebishwa, nafuu ya mnywaji wa kiasi haikuonekana tena.

Kwenye saratani hakuna hata mashindano. Pombe iliorodheshwa kuwa kisababishi cha saratani tangu 1988, na hatari ya saratani ya matiti huongezeka hata kwa kiwango kidogo.

Tuwe wakweli: kwa anayekunywa mara chache, nyongeza ya hatari ni ndogo, na mzigo mkubwa humwangukia anayezidisha. Ila asiyekunywa, tafadhali, asianze eti kwa ajili ya moyo wake.