Kopi ya cheti cha kifo cha mzee: tulianzia Vihiga, tukakipata Kisumu

Naandika hii juu nilitafuta mtu wa kunieleza kabla sijatoka nyumbani na sikupata, kila mtu ananiambia tu "ingia eCitizen", ule mtandao wa serikali wa kuombea huduma, kama vile eCitizen inajua mzee wetu alifia wapi. Huduma yenyewe naipa nyota tatu kwa tano. Saiba iliyotusaidia, yaani duka la kompyuta na intaneti, naipa tano. Yule jamaa wa getini hana nyota, nitamfikia.

Mzee alituacha 2011 kwa hospitali moja kubwa Kisumu, tukamleta Vihiga tukamzika kwake. Cheti kilichukuliwa mwaka huo huo, enzi hizo ilikuwa shilingi 50, mama akakiweka kwa sanduku chini ya kitanda na hakuna mtu alikiulizia tena. Sasa mwaka huu tumekubaliana kugawa shamba, wakili akasema leteni cheti cha kifo na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, mama akavuta sanduku, kufungua hivi, mchwa. Hati ya shamba ilikuwa kwa nailoni ikapona. Cheti kilibaki kona moja yenye nusu muhuri, kingine chote ni udongo.

Mama akaketi kwa kitanda akasema basi orijino imeenda, na hapo ndio tulikuwa tunakosea sote. Ile karatasi tunaita orijino ni nakala. Kama unacho chenu nyumbani hebu soma yale maandishi madogo ya chini, imeandikwa imetolewa chini ya Births and Deaths Registration Act, Cap 149, na ati nakala ya rekodi ikishapigwa muhuri inakubalika kama ushahidi. Orijino ni rejista, na rejista haitokangi ofisini. Kwa hivyo cheti kikiliwa na mchwa au kikiungua au shemeji akipotea nacho, unalipia unatolewa kingine kutoka rekodi ile ile. Hii peke yake ingetupunguzia wiki nzima ya kulaumiana.

Siku ya kwanza tulienda ofisi ya usajili ya karibu na nyumbani, mimi na mama, kutoka saa mbili asubuhi. Laini si refu ila haisongi, karani ameenda chai, karani amerudi, karani ameitwa na mkubwa. Kuna jamaa alikuwa amesimama nje ya geti na faili kwapani, anajua majina ya makarani wote, akaniambia dada nipe 1,500 kesho kutwa unakuja kuchukua. Nikamuuliza risiti itakuwa ya nani, akacheka akaenda kwa mtu mwingine. Tafadhali msipatie hao watu kitambulisho cha marehemu wala chenu. Cheti ni shilingi 200 siku hizi na ada ndogo ya eCitizen, hakuna kitu kingine hapo cha kulipia.

Kufika kwa kaunta ilikuwa saa sita kasoro. Karani kijana tu, mpole, akauliza, "Mama, mzee alifia wapi?"

Mama akamwambia Kisumu, lakini tulimzika hapa nyumbani.

"Basi bado yuko Kisumu, mama."

Mama alinigeukia na uso ambao sijui hata nieleze aje. Kijana akaona amekosea kusema akaanza kujieleza haraka haraka, na alichosema ndio nataka mshike. Kifo kinaandikishwa pale kilipotokea, si pale mtu alizikwa wala pale kitambulisho chake kinasema ametoka. Akifia hospitali, hospitali ndio inajaza ile fomu ya D1, akifia nyumbani ni naibu wa chifu anajaza D2, zote zinaenda kwa msajili wa eneo hilo. Sisi huku magharibi watu wetu wanafia Kisumu, wanafia Eldoret, wanafia Nairobi, halafu tunabeba mwili tunaleta nyumbani na tunadhani karatasi zimekuja na mwili. Hazikuji. Lakini si hiyo ingebandikwa tu mlangoni na kalamu ya wino mzito? Tulikuwa watu wanne kwa laini wenye shida hiyo hiyo, nilihesabu.

Kesho yake matatu mpaka Kisumu, na kabla ya ofisi tukaingia saiba moja ndogo, mashine tatu na printa moja inayopiga kelele kama posho mill. Dada wa hapo alituketisha mama kwanza. Halafu akauliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameuliza, "Mna kibali cha mazishi?" Mama akafungua Biblia, kikatoka katikati ya Zaburi kimekunjwa mara nne, rangi ya chai, lakini namba inasomeka. Miaka yote hiyo cheti ndio kilikuwa kinalindwa na hiki kilikuwa tu alama ya kurasa! Kwa hivyo angalieni kwa Biblia na kwa zile daftari za michango ya matanga, watu wanawekanga huko.

Mama hakuwa na akaunti ya eCitizen, dada akamfungulia kwa kitambulisho chake. Kitu kilinifurahisha, alikataa kutumia namba yake ya simu. Akasema saiba zingine zinaweka namba zao kwa sababu ni haraka, halafu zile namba za siri za kuingilia zinatumwa kwao na siku ukitaka kuingia mwenyewe huwezi. Akamwandikia mama neno la siri nyuma ya bahasha. Akaskani kibali, akaskani kitambulisho cha mama, akasoma kila jina kwa sauti, herufi kwa herufi, mama anaitikia. Tukalipia nakala mbili kabisa kwa M-Pesa. Kazi yake yote ilikuwa 200. Kuna mahali mtu angetuchaji elfu na tungelipa.

Ofisi ya huko sitaitaja. Vile mzee ni wa 2011 ilibidi watafute kwa kitabu. Tukaambiwa rudini Alhamisi, Alhamisi tukaambiwa kitabu hakionekani, jaribuni Jumatatu, na hiyo ni nauli ya watu wawili kupita Kiboswa na Mamboleo na kurudi kila mara. Hakuna simu ya kuuliza kabla utoke. Hapo ndio nyota mbili zilipotea.

Jumatatu mama mmoja mtu mzima wa hapo ndani akatuonea huruma, akatoa kitabu chenyewe akakifungua mbele yetu. Anaweka rula chini ya mstari, analamba kidole, anashusha. Anashusha. Akasimamisha rula. Mwandiko wa mtu wa 2011, wino wa bluu, jina la mzee, umri, tarehe, kilichomuua, na pale kwa mtoa habari kuna jina la ba'mdogo ambaye naye ametuacha. Mama aliomba aguse ukurasa na akaruhusiwa. Huyo mama wa ofisi akipata hii ajue tunamshukuru sana.

Sasa shida ikawa jina la katikati limeandikwa bila herufi moja. Kwa kitambulisho ipo, kwa kitabu haipo, na cheti kinatoka vile kitabu kinasema. Kumbe hata kile cha kwanza kilikuwa hivyo na hakuna mtu alisoma! Wakili akasema mama aape hati ya kiapo kwamba hayo majina mawili ni mtu mmoja, tukaapa, ikaambatanishwa na karatasi zingine. Ukipewa cheti usitoke kwa kaunta kabla hujasoma, majina, umri, tarehe, yote, hata kama walio nyuma yako wanasonya.

Pia mjue neno "certified", yaani iliyothibitishwa, linatumika vitu viwili na linachanganya watu. Benki na sacco zetu zilikubali fotokopi yenye muhuri wa wakili, bora uende na cheti aone ndio apige muhuri. Kortini wakili wetu alitaka karatasi ya msajili yenyewe. Kwa hivyo ukiambiwa leta kopi, uliza ni muhuri wa nani wanataka, ndio usipande matatu bure.

Sa hii nakala moja ya cheti iko kwa wakili. Ya pili mama ameitia kwa nailoni mbili, akaiweka ndani ya kile kidebe cha biskuti chenye kifuniko, kiko juu ya kabati, na kile kibali cha mazishi amekirudisha kwa Zaburi.